Kuchaji Bila Waya: Anza na Betri, Koili Itafuata

Mwezi Oktoba 1958, katika Hospitali ya Karolinska nje kidogo ya Stockholm nchini Sweden, daktari wa upasuaji Åke Senning alimpandikizia Arne Larsson kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo. Aliyekibuni ni mhandisi Rune Elmqvist, ambaye alikimiminia epoksi ndani ya kopo la dawa ya viatu la Kiwi ili kipate umbo. Ndani yake mlikuwa na betri ndogo za nikeli-kadimiamu. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kuachiwa tundu kifuani la kuchomekea chaja, Elmqvist aliweka koili ndani ya kifaa, na koili ya pili ikawekwa juu ya ngozi ili kupitisha umeme wa kuchaji. Kifaa hicho cha kwanza kilidumu saa chache tu, lakini Larsson aliishi hadi mwaka 2001, baada ya kubadilishiwa vifaa zaidi ya 20.

Sababu iliyomsukuma Elmqvist ndiyo inayowasukuma wabunifu hadi leo: kuna vifaa ambavyo lazima vifungwe kabisa. Vifaa vya kusaidia kusikia, miswaki ya umeme, saa za mkononi na vipimo vinavyokaa majini mara nyingi huwa na betri ndogo ya lithiamu na ganda lisilopaswa kuwa na tundu. Huku pwani sababu ni dhahiri zaidi. Jasho, vumbi na hewa ya chumvi hula pini za mlango wa chaji, na fundi simu yeyote wa Dar es Salaam au Mombasa anajua ni simu ngapi huletwa kwake kwa sababu "chaji haishiki".

Hata hivyo, wengi wanaojaribu kutengeneza sakiti ya aina hii huanza na koili. Wanahangaika na umbali, idadi ya mizunguko ya waya na nguvu inayovuka hewani, kisha mwishoni wanatafuta betri ya kuunganisha. Mpangilio huo una kasoro. Kwa betri ndogo, kupata umeme wa kutosha si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuzuia umeme uliozidi na joto lisilo na pa kutokea, ndani ya ganda lililofungwa, sentimita moja kutoka kwenye kitu kisichopenda joto. Kwa hiyo hesabu inapaswa kuanzia kwenye betri na kurudi nyuma, hatua kwa hatua, hadi kwenye koili.

Masharti ya betri

Betri ya lithiamu tunayoizungumzia, yaani ya ioni za lithiamu, iliingizwa sokoni na kampuni ya Sony mwaka 1991. Sayansi yake iliwapatia John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Ina uwezo mkubwa kwa uzito mdogo, lakini ina masharti makali. Seli ya kawaida huandikwa 3.7 V na hujaa kwenye 4.2 V, na chaja nzuri huishika volteji hiyo kwa usahihi wa asilimia 1 au bora zaidi. Ikipitishwa hapo, lithiamu huanza kuganda kama metali kwenye elektrodi hasi, kemikali za ndani huvunjika na gesi hutokea. Mtumiaji ataona betri imevimba, na ikizidi zaidi inaweza kuwaka moto.

Uchaji wenyewe una hatua tatu. Betri iliyoshuka chini ya takriban 3 V hupewa kwanza mkondo mdogo, kama sehemu ya kumi ya mkondo wa kawaida, ili iamke taratibu. Ikishavuka hapo hupewa mkondo usiobadilika hadi ifike 4.2 V. Kisha volteji hushikiliwa palepale huku mkondo ukipungua wenyewe, na unapofika karibu sehemu ya kumi ya ule wa kwanza, uchaji hukatwa. Hairuhusiwi kuendelea kuidondoshea umeme kidogo kidogo kama ilivyozoeleka kwa betri za nikeli. Haya yote yafanyike betri ikiwa na joto kati ya nyuzi 0 na 45 za Selsiasi.

Masharti haya yanaleta kanuni ya kwanza: umeme utokao kwenye koili usiguse betri moja kwa moja. Kati yao lazima kuwe na chipu ya kuchaji inayojua hatua hizo tatu. Wapo wanaodhani ile sakiti ndogo ya ulinzi iliyobandikwa kwenye kichwa cha betri inatosha. Haitoshi. Sakiti hiyo hukata umeme volteji inapofika karibu 4.3 V, yaani baada ya mpaka kuvukwa. Ni mlinzi wa mwisho, na kazi ya kuchaji haiiwezi.

Kanuni ya pili ni kulinganisha mkondo na ukubwa wa betri. Vibao vyenye chipu ya TP4056 vinauzwa kila duka la vifaa vya elektroniki, na vingi hutoka kiwandani vikiwa na rezista ya kilo-omu 1.2, inayopanga mkondo wa ampia 1. Kwa betri ya simu hilo halina tatizo. Kwa betri ya 100 mAh, kama zile za vifaa vya mkononi, huo ni mkondo mara kumi ya uwezo wake kwa saa, na ni hatari. Tena kwenye vibao hivyo pini ya kupimia joto la betri kwa kawaida huwa imeunganishwa na ardhi, maana yake kipimo cha joto kimezimwa. Anayetaka kukitumia kwa betri ndogo abadilishe rezista, na ikiwezekana aifungue pini hiyo na kuiwekea themista inayogusa betri.

Hesabu ya nguvu

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho: betri ya 100 mAh ndani ya kifaa cha plastiki kilichofungwa, chenye upana wa sentimita 3 kwa 3 na unene wa sentimita 1. Tuichaji kwa nusu ya uwezo wake, yaani miliampia 50. Chipu ya MCP73831, ambayo huanzia miliampia 15, hupangwa kwa mkondo huo kwa rezista ya kilo-omu 20.

Inapokaribia kujaa, betri hupokea 4.2 V kwa miliampia 50, sawa na wati 0.21. Chipu hii ni ya aina ya linea, hivyo hupitisha mkondo uleule unaoingia na kugeuza tofauti ya volteji kuwa joto. Tukiilisha 5 V, itavuta wati 0.25. Kabla yake kuna daraja la dayodi nne linalogeuza mkondo geu wa koili kuwa mkondo mnyoofu. Kila mara mkondo hupita kwenye dayodi mbili, na kwa dayodi za Schottky hupotea takriban 0.6 V, sawa na wati 0.03. Tukiongeza akiba kidogo, koili ya kupokea inatakiwa kutoa takriban wati 0.3.

Linganisha na wati 5 ambazo chaja za simu zisizo na waya zilianza nazo. Mahitaji yetu ni madogo mno, na bado mbunifu anaweza kuiharibu betri hii kirahisi. Akitumia chipu ya linea inayovumilia 12 V na kuilisha volteji hiyo badala ya 5 V, joto la chipu peke yake linapanda hadi karibu wati 0.4, zaidi ya nguvu yote inayoingia kwenye betri.

Koili na umbali

Mkondo geu ukipita kwenye koili ya kutuma huzaa uga wa sumaku unaobadilika, na uga huo ukikatiza koili ya pili huzaa volteji ndani yake. Michael Faraday alilionyesha hili mwaka 1831. Ubora wa safari hiyo hutegemea vitu viwili. Cha kwanza ni k, kiasi cha uga wa koili moja kinachoifikia nyingine. Cha pili ni Q, yaani jinsi koili inavyohifadhi nishati bila kuipoteza kwenye waya wake.

Ukizidisha k kwa Q unapata namba inayoamua kila kitu. Koili zenye Q ya 50 zilizokaribiana hadi k ikawa 0.3 hutoa 15, na ufanisi wa juu kabisa unaowezekana kati yao ni karibu asilimia 87. Zikitengana hadi k ikashuka kuwa 0.05, namba ni 2.5 na ufanisi hauwezi kuzidi asilimia 46, hata sakiti iwe nzuri kiasi gani. Umbali ukifikia upana wa koili yenyewe, k huporomoka. Ndiyo maana koili ya milimita 20 inafaa kuvuka ganda la milimita 3, na hakuna ujanja wa kuifanya ichaji kifaa kilicho upande wa pili wa meza. Ni kweli kwamba mwaka 2007 watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani wakiongozwa na Marin Soljačić waliwasha taa ya wati 60 kwa umbali wa mita 2, kwa ufanisi wa takriban asilimia 40. Lakini koili zao zilikuwa na kipenyo cha sentimita 60, na hazingeingia kwenye kifaa cha sikioni.

Kila koili huwekewa kapasita ili zifanye rezonansi, yaani ziitikie masafa yaleyale kwa nguvu kubwa. Koili ya kutuma ya mikrohenri 24 ikiwekewa kapasita ya nanofaradi 100 itaitikia kwenye takriban kilohezi 103. Koili ya kupokea ya mikrohenri 10 inahitaji takriban nanofaradi 253 ili ifike kilohezi 100. Hesabu hiyo ni rahisi, ila mbunifu makini huipima upya baada ya kuunganisha kila kitu, kwa sababu betri na karatasi ya feraiti inayowekwa nyuma ya koili vikiwa karibu, thamani ya koili hubadilika. Koili ipimwe ikiwa mahali pake, betri ikiwa nyuma yake na koili ya kutuma ikiwa mbele yake, ndipo kapasita ichaguliwe.

Aina ya kapasita nayo ina uzito wake. Kapasita ndogo za kauri za aina ya X7R ni rahisi na hupatikana kila mahali, lakini thamani yake hubadilika kwa volteji na joto, na katika rezonansi volteji juu ya kapasita huweza kuzidi mara nyingi ile inayolisha sakiti. Sakiti iliyopangwa asubuhi ikiwa baridi itakuwa imehama masafa baada ya dakika kumi za kazi. Hapa panahitajika kauri ya aina ya C0G, au kapasita za filamu za polipropilini, zenye volteji ya kutosha.

Waya pia una masharti. Kwa kilohezi 100 mkondo hupita kwenye ngozi ya juu ya shaba, kina cha takriban milimita 0.2 tu, hivyo waya mnene mmoja ni shaba iliyopotea bure. Bora waya wa nyuzi nyingi nyembamba, kila uzi ukiwa na vanishi yake. Kati ya koili na betri lazima kuwe na karatasi ya feraiti. Mfuko wa betri una tabaka la alumini, na bila feraiti uga wa sumaku utazungusha mikondo ndani ya alumini hiyo na kuipasha betri joto moja kwa moja.

Betri ikishajaa

Sakiti nyingi za kujaribia hupita mtihani mezani na kufeli hapa. Wakati wa kuchaji, chipu inavuta miliampia 50 na volteji inatulia kwenye 5 V. Betri ikijaa, chipu inaacha kuvuta. Koili ya kutuma haina habari na inaendelea kusukuma nguvu ileile, huku rezonansi ya upande wa kupokea ikiwa haina tena mzigo wa kuituliza. Volteji inaruka. Hali hiyohiyo hutokea mtumiaji anapokiweka kifaa katikati kabisa ya kituo cha kuchajia, mahali ambapo k ni kubwa kuliko mbunifu alivyotarajia. MCP73831 imetengenezwa kwa 6 V, na mpaka wake wa mwisho ni 7 V.

Suluhisho la kwanza linalomjia mtu ni dayodi ya Zener ya 5.6 V, inayokunywa umeme uliozidi. Inaiokoa chipu, na iwekwe kama kinga ya mwisho. Ila Zener hugeuza nguvu hiyo yote kuwa joto. Matokeo yake ni kifaa kinachoanza kupata moto wakati betri imekwisha kujaa, kwa usiku mzima kikiwa kimeachwa kituoni. Betri ya lithiamu huzeeka haraka zaidi inapokuwa imejaa na iko kwenye joto, na Zener peke yake huipa yote mawili kila siku.

Njia iliyo bora ni upande wa kupokea kuhamisha rezonansi yake kwa makusudi: transista inaongeza au kutoa kapasita, masafa ya koili yanahama, na nguvu inayoingia inapungua kabla haijawa joto. Chipu ya LTC4120 hutumia ufundi wa aina hii, uliotokana na PowerbyProxi, kampuni ya Auckland nchini New Zealand iliyonunuliwa na Apple mwaka 2017. Njia nyingine ni mpokeaji kumwambia mtumaji apunguze. Njia ya tatu inafaa kwa sakiti rahisi: mtumaji apime mkondo wake mwenyewe, maana mzigo wa upande wa pili huonekana kwake. Mkondo ukionyesha kuwa mzigo umeondoka, mtumaji azime na awe anachungulia mara moja kila baada ya sekunde chache.

Bajeti ya joto

Kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa, joto ndilo linaloamua kasi ya kuchaji. Ganda la mfano wetu lina eneo la nje la sentimita za mraba 30. Kwa hewa tulivu, eneo hilo hutoa takriban wati 0.03 kwa kila nyuzi moja ya joto inayozidi hewa ya nje.

Mwanzoni mwa kuchaji, betri ikiwa 3 V, chipu hupoteza wati 0.1, dayodi wati 0.03, na koili pamoja na feraiti tuzipe wati 0.02. Jumla ni wati 0.15, na kifaa kitapanda nyuzi 5. Ukichaji kwa miliampia 100, hasara inafika wati 0.3 na kifaa kinapanda nyuzi 10. Kwa miliampia 200, kinapanda nyuzi 20.

Sasa weka kifaa hicho Dar es Salaam mwezi Februari, chumbani kukiwa na nyuzi 32. Mpaka wa betri ni 45, kwa hiyo tuna nyuzi 13 tu za kutumia. Miliampia 50 zinatuacha salama kwenye 37. Miliampia 100 zinatufikisha 42, na upande mmoja wa kifaa umelalia kituo ambacho nacho kina joto lake, hivyo hakuna akiba iliyobaki. Miliampia 200 zinavunja sharti kabisa. Sakiti iliyobuniwa kwenye maabara ya nyuzi 20 ingeonekana nzuri kwa mkondo huohuo wa miliampia 100. Mbunifu wa kwetu lazima afanye hesabu kwa hewa ya kwetu.

Kuna uamuzi mwingine mdogo wenye faida kubwa: kuchagua chipu inayokatia 4.1 V badala ya 4.2 V. Betri itapungukiwa na takriban sehemu ya kumi ya uwezo wake, lakini itadumu kwa mizunguko mingi zaidi. Kifaa kinachowekwa kituoni kila usiku hakihitaji kujazwa hadi ukingoni, na kwa kuwa kimefungwa, betri ikifa kifaa kizima kinatupwa.

Njia tatu za kujenga

Njia ya kwanza ni kufuata kiwango cha Qi, kinachosimamiwa na Wireless Power Consortium, umoja ulioanzishwa mwaka 2008 na kutoa toleo la kwanza mwaka 2010. Qi ya kawaida hutumia masafa ya takriban kilohezi 100 hadi 205. Mpokeaji huzungumza na mtumaji kwa kubadilisha mzigo wake, kwa kasi ya biti 2,000 kwa sekunde, akiomba nguvu ipandishwe au ishushwe. Mtumaji pia hukagua kama kuna kitu kigeni cha chuma juu yake, kwa sababu sarafu iliyoachwa kati ya koili mbili hupata moto wa kuunguza. Kwa chipu kama bq51013B mbele na MCP73831 nyuma yake, mbunifu anapata mfumo wenye mawasiliano na ulinzi, na mtumiaji anaweza kutumia kituo chochote cha simu. Toleo la Qi2 la mwaka 2023 limeongeza pete ya sumaku inayovuta koili zikae katikati, na hilo huondoa tatizo la k kubadilikabadilika. Udhaifu wa Qi ni ukubwa, kwani koili zake zimepangwa kwa simu.

Njia ya pili ni kupanda hadi megahezi 13.56, masafa ya NFC. Mwaka 2020 NFC Forum ilitoa kiwango cha kuchaji hadi wati 1, ambacho kinatosha betri ndogo na kubaki. Koili yake inaweza kuchorwa kwenye ubao wa sakiti kwa mizunguko michache, na koili hiyohiyo hubeba data. Kwa kalamu, pete na vifaa vya masikioni, naona hii ndiyo njia yenye mustakabali zaidi. Gharama yake ni kwamba dayodi za kawaida hazifai kwa masafa hayo, na makosa madogo ya mpangilio wa ubao huonekana mara moja.

Njia ya tatu ni sakiti ya kujitengenezea, kwa mfano kikuza mawimbi cha daraja E ambacho Nathan na Alan Sokal walikieleza mwaka 1975, chenye transista moja na ufanisi mzuri. Ni shule bora kuliko zote kwa mwanafunzi wa elektroniki. Lakini haina mawasiliano wala ukaguzi wa vyuma, hivyo kituo chake kitengenezwe kwa umbo linalopokea kifaa kimoja tu, pasipo nafasi ya sarafu au funguo kuangukia.

Je, inafaa?

Wapo wanaoipinga teknolojia hii kwa madai kwamba inapoteza umeme. Tuipime. Tukichukua ufanisi wa asilimia 90 kwa mtumaji, 80 kati ya koili, 87 kwa dayodi na 74 kwa chipu, jumla ni karibu asilimia 46. Ni kidogo. Lakini betri yetu ina saa-wati 0.37 tu. Hata ufanisi ukishuka hadi asilimia 40, kuijaza mara elfu moja hutumia chini ya uniti moja ya LUKU, yaani kilowati-saa moja. Hasara ya kweli iko kwenye kituo kinachokaa tupu. Kikila wati 0.2 mchana na usiku, kinamaliza saa-wati 4.8 kwa siku, zaidi ya mara tano ya umeme wa kujaza betri mara moja. Kwa nyumba inayotegemea paneli ndogo ya jua, usingizi wa kituo ni muhimu kuliko ufanisi wa koili.

Kwa hiyo uamuzi usifanywe kwa mvuto wa kuona taa ikiwaka bila waya. Kama kifaa kinaweza kuwa na tundu salama, mlango wa USB-C ni nafuu, ni wa haraka na hauna joto la ziada. Pini za sumaku nazo ni nafuu, mradi zisikutane na jasho na chumvi kila siku. Kuchaji bila waya kunastahili gharama yake pale ambapo kufunga ganda kabisa ndiko kunakokipa kifaa uhai: kwenye sikio la mgonjwa, kisimani, baharini, au mkononi mwa mtu anayefanya kazi kwenye vumbi. Hapo mbunifu aandike kwanza volteji ya betri, mkondo wake na joto la mahali kitakapotumika, achague chipu, akokotoe hasara, apange sakiti itakavyofanya betri ikishajaa, na mwisho kabisa ndipo aanze kuzungusha waya wa koili.